Ramani, Mpaka na Akaunti ya Benki: Wahafidhina wa Marekani Wanapigana Wenyewe kwa Wenyewe

Tangu Januari 1, 2026 ile kodi ya asilimia 1 ya kutuma pesa nje ya Marekani ilipoanza kukatwa, stori kwa watu wetu wa diaspora ni moja tu, kwamba hawa wahafidhina wanatuchukia na kila wanachofanya ni kutukomoa. Ukimuuliza mtu kuhusu ramani mpya za uchaguzi Texas atakwambia ni yale yale, ukimuuliza kuhusu ICE, idara inayokamata na kurudisha wahamiaji, ni yale yale, ukimuuliza kuhusu benki kupeleka taarifa zako serikalini nako ni yale yale. Hasira naielewa na siidharau, manake kuna familia zimetenganishwa kweli na watu wanaamka hawajui kama jioni watarudi nyumbani. Lakini nadhani tunasoma vibaya kinachoendelea. Haya mambo matatu hayatoki kwenye wazo moja, yanatoka kwenye mawazo mawili yanayogombana ndani ya chama kimoja, Republican. Kuna wahafidhina wanaoamini kwamba serikali ni kitu cha kuwekewa mipaka hata pale inapoongozwa na mtu wao, na kuna wahafidhina wanaoamini kwamba ukishaishika serikali basi itumie mpaka mwisho. Hoja yangu ni kwamba hao wa pili ndo wameshika usukani sasa hivi, na kazi ya uhamiaji jinsi inavyofanywa inakula kile ambacho hao wa kwanza wamekitetea kwa miaka 50, yaani siri ya pesa za mtu. Na haitaishia kwa wahamiaji.

Nianze na ramani manake ndo inaonyesha ugomvi huu vizuri. Kwa msomaji wa Kenya, kule maeneo bunge 290 mipaka yake inachorwa na IEBC, tume, hata kama kila siku tunailalamikia. Marekani kwenye majimbo mengi kazi hiyo inafanywa na wabunge wa jimbo wenyewe, kwa hiyo mwanasiasa ndo anachagua wapiga kura wake, na kawaida inafanyika mara moja kila miaka 10 baada ya sensa. Mwaka 2019 kwenye kesi ya Rucho v. Common Cause Mahakama ya Juu ilisema, kwa kura 5 kwa 4, kwamba mahakama za shirikisho hazina kazi ya kuamua kama ramani imependelea chama kupita kiasi, na hapo mlango ukabaki wazi. Agosti 2025 gavana Greg Abbott wa Texas akasaini ramani mpya katikati ya muongo, hakuna sensa wala nini, na lengo lilisemwa hadharani kwamba ni viti 5 zaidi kwa Warepublican. Wabunge wa Democrat walishakimbilia Illinois na kwingine ili akidi isitimie, mwisho wakarudi na ramani ikapita. Novemba California, jimbo la Democrat, wakajibu kwa Prop 50, kura ya maoni ya kubadili ramani yao, wananchi wakaipitisha kwa kama asilimia 64, nayo inalenga viti 5 upande wa pili. Missouri na North Carolina wakachora na wao.

Sasa hoja ya wahafidhina hapa sio ya kipuuzi na inabidi tuisikilize. Wanasema tazama Massachusetts, Trump alipata kama asilimia 36 ya kura mwaka 2024 lakini viti vyote 9 vya jimbo hilo Congress, yaani bunge la taifa, ni vya Democrat. Tazama Illinois, viti 17 na Warepublican wana 3 tu, mlipochora hivyo mbona hamkulia? Kwa Massachusetts jibu lipo, wapiga kura wa Republican wamesambaa jimbo zima kiasi kwamba hata ukitaka kuwachorea kiti ni vigumu. Kwa Illinois jibu halipo, ile ramani ilichorwa kwa makusudi kabisa na Mdemocrat anayekataa hilo hasemi ukweli. Kwa hiyo mhafidhina anayesema "wao walianza" ana sehemu ya haki. Tatizo ni kwamba hoja hiyo haina breki, kila upande utakuwa na Illinois yake ya kuonyesha, na mwisho wa njia hiyo ni kuchora ramani kila baada ya uchaguzi, na mtu anayeishi kwenye jimbo la chama kingine anabaki anapiga kura ambayo ilishaamuliwa na mtu mwenye kompyuta ofisini.

Ndo maana nawaomba watu waangalie Indiana, kitu ambacho kwetu hakikuzungumzwa hata kidogo. Seneti ya Indiana ina watu 50, Warepublican 40. Ramani waliyoletewa ingewapa nafasi ya kuchukua viti vyote 9 vya jimbo hilo. Rais alishawashinikiza kwa majina, makamu wa rais JD Vance alishasafiri mpaka Indianapolis kuongea nao, na kuna maseneta walitumiwa polisi mlangoni kwa taarifa za uongo za uhalifu ndani ya nyumba. Fikiria uko nyumbani na familia, askari wenye silaha wanagonga, kosa lako ni kwamba hujasema utapiga kura gani. Desemba 11, 2025 wakapiga kura, 31 wakakataa, 19 wakakubali. Kati ya hao 31, Democrat walikuwa 10 tu, waliobaki 21 ni Warepublican, watu wa kanisani, watu wa bunduki, watu ambao ukikaa nao kwenye mambo mengine hamtaelewana. Baadhi yao walisema wazi kwamba Washington haiwezi kuwaamulia Indiana mipaka yao. Huo ndo uhafidhina wa zamani, ule wa kusema hapana hata kwa mtu wako, na ukisema wahafidhina wote ni kitu kimoja huna namna ya kuielezea kura ile.

Ramani na uhamiaji zinakutana kwenye sensa. Marekebisho ya 14 ya Katiba yanasema viti vya Congress vigawiwe kwa kuhesabu watu wote walio kwenye kila jimbo, hayasemi raia, yanasema watu. Agosti 2025 Trump akatangaza anataka sensa mpya isiyowahesabu watu wasio na makaratasi, kitu alichowahi kukijaribu kwa agizo mwaka 2020 na kikaishia mahakamani bila kutekelezwa. Watu wetu wengi wanachukulia kwamba hii ni hesabu rahisi, ukiwatoa wahamiaji Democrat wanapoteza, Republican wanapata. Makadirio ya kituo cha Pew ya mwaka 2020 hayasemi hivyo. Yalionyesha California ingepungukiwa kiti kimoja ndio, lakini Texas na Florida nazo kila moja ingepungukiwa kimoja, na Alabama, Ohio na Minnesota zingebaki na kiti ambacho zingekipoteza. Kila kiti kina watu kama 761,000, na kwenye sensa ya 2020 New York ilipoteza kiti kwa kupungukiwa watu 89. Kwa tofauti ndogo kama hizo, gavana wa Texas akishangilia wazo hili anashangilia jimbo lake kupunguzwa. Zaidi ya hapo, mhafidhina anayejiita mtu wa Katiba na anayesisitiza isomwe kama ilivyoandikwa hana pa kujificha hapa, manake maneno yameandikwa na yako wazi.

Kwenye utekelezaji wa sheria ya uhamiaji naomba nieleweke vizuri, manake nikisema hili kuna wanaonikasirikia. Nchi ina haki ya kujua nani ameingia na ina haki ya kumrudisha aliyeingia bila ruhusa. Tanzania inafanya, Kenya inafanya, na Obama alifanya sana, mwaka wa fedha 2012 peke yake waliondolewa watu kama 400,000. Kwa hiyo ile hoja kwamba kutekeleza sheria ya uhamiaji ni ubaguzi moja kwa moja naona haina miguu. Pia tukumbuke kwamba Ronald Reagan, ambaye picha yake iko kwenye kila ofisi ya wahafidhina, alisaini sheria ya mwaka 1986 iliyowapa makaratasi watu kama milioni 2.7, kwa hiyo hata ndani ya chama chao msimamo umehama sana. Swali la maana ni jingine, je serikali inapewa nguvu kiasi gani kufanya kazi hiyo, na hizo nguvu zikishazaliwa zinaenda wapi. Sheria kubwa ya Julai 4, 2025 iliipa ICE kama dola bilioni 75 za ziada, bilioni 45 zikiwa za vituo vya kuzuilia watu, wakati bajeti yake ya kawaida ilikuwa kama bilioni 10 kwa mwaka. Hakuna mhafidhina wa mwaka 1995 ambaye ungempelekea bajeti ya hivyo ya idara ya shirikisho asikuulize maswali.

Na majibu yameanza kuonekana. Januari 2026 raia wawili wa Marekani waliuawa kwa risasi na maafisa wa shirikisho Minneapolis wakati wa operesheni ya uhamiaji. Wa pili alikuwa na bunduki anayoimiliki kihalali na kibali cha kuibeba. Mwanasheria mmoja wa serikali akaandika kwamba ukiwasogelea askari ukiwa na bunduki upo uwezekano mkubwa wakakupiga na wakawa na haki kisheria, na NRA, chama cha wenye bunduki ambacho hakuna mtu anaweza kukiita cha mrengo wa kushoto, kikamjibu hadharani kwamba kauli hiyo ni ya hatari na sio sahihi. Wenye bunduki wakagundua kwamba ule ukali waliousapoti ulivyokuwa unaelekezwa kwa wengine unaweza kuwageukia hata wao wenye kila karatasi.

Lakini mimi kinachonisumbua zaidi ni pesa, manake hapo hakuna video, hakuna maandamano, mambo yanapita kimya kimya. Sheria ya Bank Secrecy Act ya mwaka 1970 ilizitaka benki kuisaidia serikali kufuatilia pesa, na kiwango kilichowekwa ni dola 10,000 taslimu, ukipita hapo benki inapeleka taarifa. Mpaka leo ni 10,000 hiyo hiyo, ingawa kwa thamani ya wakati ule ingekuwa zaidi ya 80,000 sasa hivi, kwa hiyo kila mwaka bei zikipanda sheria inakamata watu wengi zaidi bila mbunge yeyote kupiga kura. Mwaka wa fedha 2023 zilipelekwa taarifa za pesa taslimu kama milioni 20.8, na juu yake taarifa za "muamala wa kutilia shaka" milioni 4.6. Na ukigawa pesa zako mafungu mafungu ili usifike 10,000, huko kugawa peke yake ni kosa la jinai hata kama pesa umezipata kwa jasho lako. Mwaka 1976 kwenye kesi ya Miller, jamaa wa Georgia aliyekamatwa kwa kutengeneza pombe bila leseni, Mahakama ya Juu ikasema rekodi zako za benki sio zako, ni za benki, hivyo huna haki ya faragha juu yake. Waliopinga mstari huu kwa nguvu miaka hii ni wahafidhina, jaji Neil Gorsuch alishaandika mwaka 2018 kwamba hoja hiyo haieleweki, na seneta Mike Lee wa Utah ameleta muswada wa kupunguza taarifa benki zinazolazimika kupeleka. Mwaka 2021 serikali ya Biden ilipopendekeza benki ziripoti akaunti zinazoingiza na kutoa kuanzia dola 600, wahafidhina nchi nzima walisimama wakasema huu ni upelelezi kwa mwananchi wa kawaida, na pendekezo likafa. Walikuwa sahihi, na nilifurahi.

Basi Machi 2025 serikali ya Republican ikatoa oda kupitia FinCEN, kitengo cha wizara ya fedha, kwamba kwenye maeneo 30 ya posta kwenye kaunti za mpakani za California na Texas, San Diego, Imperial, El Paso, Webb, Hidalgo, Cameron na Maverick, duka lolote la kubadilisha hundi au kutuma pesa lipeleke ripoti kwa kila muamala wa taslimu kuanzia dola 200. Sio 10,000, sio hata 600. Hebu tazama inavyokuwa pale dirishani. Mama anakuja na hundi ya mshahara wa wiki, dola 340, anataka taslimu akalipe kodi ya nyumba. Mwenye duka anatoa fomu ile ile iliyotengenezwa kwa mtu anayebeba maelfu, anamuuliza jina kamili, anuani, tarehe ya kuzaliwa, kazi gani unafanya, namba ya Social Security, kitambulisho nikione, anaandika, nyuma foleni inarefuka, anayefuata naye ana dola 220. Wengine waliopo kwenye foleni wanasikia swali la Social Security, namba ambayo asiye na makaratasi hana, wanageuza wanaondoka. Jioni mwenye duka, ambaye ni mfanyabiashara mdogo na pengine yuko peke yake, anakaa na lundo la fomu za kutuma Washington. Walioipeleka serikali mahakamani kwa niaba ya maduka haya ni Institute for Justice, wanasheria wa mrengo wa uhuru wa mali na biashara, sio watetezi wa wahamiaji, na majaji wa Texas na California wakaizuia oda kwa waliofungua kesi. Septemba kiwango kikapandishwa kuwa dola 1,000. Sasa wale waliopiga kelele kwa 600 za Biden wengi wao kwa 200 walikaa kimya, na hapo ndo wahenga walisema mkuki kwa nguruwe.

Kwenye kodi nako ni hivyo hivyo. Baada ya Nixon kujaribu kutumia mafaili ya kodi dhidi ya maadui zake, Congress mwaka 1976 iliweka kwenye kifungu cha 6103 cha sheria ya kodi kwamba taarifa za kodi za mtu ni siri isipokuwa kwa sababu chache. Na kwa miaka mingi serikali iliwaambia watu wasio na makaratasi, lipeni kodi, chukueni namba ya ITIN, ya kulipia kodi kwa asiye na Social Security, iliyoanzishwa 1996, taarifa zenu haziendi uhamiaji. Watu waliamini, makadirio ya taasisi ya ITEP yanasema mwaka 2022 walilipa kodi za kila aina kama dola bilioni 96.7. Aprili 2025 wizara ya fedha na wizara ya usalama wa ndani wakasaini makubaliano ya kupeana taarifa, kaimu mkuu wa IRS, idara ya kodi, akaachia ngazi, na baadaye ICE ikaomba anuani za watu milioni 1.28, wakapewa kama 47,000. Novemba jaji mmoja wa Washington akasimamisha zoezi. Najua jamaa mmoja, fundi, alikuwa anajaza fomu kila mwaka bila kukosa, sasa hivi hajazi tena. Serikali imepoteza kodi yake na haijamrudisha kwao, imepoteza pande zote mbili.

Wenye kutetea hatua hizi wana hoja nzuri moja na hoja mbovu moja. Nzuri ni kwamba magenge ya dawa za kulevya yanasafisha pesa kwenye mpaka ule, fentanyl imeua watu wengi sana, na huwezi kuiambia serikali ifumbe macho. Nakubali, ila serikali tayari ina njia, inaweza kwenda kwa jaji na jina la mtu na sababu, na ikapewa rekodi zake zote. Tofauti ni kwamba njia hiyo inaanza na mshukiwa, hii nyingine inaanza na mtaa mzima. Hoja mbovu, na ndo inayorudiwa zaidi hata na Waafrika wenzetu wenye green card, ni ile ya kwamba kama huna cha kuficha unaogopa nini. Hiyo haisimami hata dakika. Rekodi ya pesa zako inasema unatoa sadaka kanisa gani au msikiti upi, unanunua dawa gani, unamlipia nani karo, umechangia chama gani, umenunua bunduki wapi. Jaji William Douglas alishaliona hilo mwaka 1974, kwamba hundi anazoandika mtu zinamueleza alivyo. Wakenya walilielewa vizuri mwaka 2024 muswada wa fedha ulipotaka KRA, mamlaka yao ya kodi, iondolewe kwenye masharti ya sheria ya kulinda data, hakuna aliyesema ah mimi sina cha kuficha M-Pesa yangu waangalie tu.

Nirudi kwenye kodi ya kutuma pesa, manake ndo inayotugusa mifukoni, Kenya peke yake mwaka 2024 ilipokea kama dola bilioni 4.9 kutoka nje na Marekani ndo inayoongoza. Muswada ulianza na asilimia 5 kwa wasio raia, ukashuka 3.5, ukaishia 1, na kwenye toleo la mwisho hata raia mzungu anayetuma analipa. Anayelipa ni anayepeleka taslimu au hundi ya benki au money order kwa wakala. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa Marekani hukatwi hata senti. Kwa hiyo iliyolengwa hapa ni pesa taslimu, na anayetumia taslimu ni yule anayeogopa benki, na akihamia benki ili akwepe asilimia 1 anaingia moja kwa moja kwenye mfumo wa ripoti niliousema hapo juu. Ndo maana nasema haya mambo msiyasome moja moja.

Na zile nguvu hazina tarehe ya kuisha. Sheria inayoruhusu oda ya maeneo ya posta haisemi lazima iwe mpakani, rais yeyote ajaye anaweza kuichukua akaiweka kwenye kaunti zenye maduka ya bunduki vijijini Texas, au kwenye mitaa yenye makanisa yanayompinga, na kuwasilisha hoja hiyo hiyo ya usalama. IRS ikizoea kutoa anuani kwa idara moja itaombwa na nyingine. Dawa yake inajulikana na ni ya kihafidhina kabisa, pandisha ile 10,000 iendane na bei za leo, weka kwenye sheria kwamba oda ya mtaa mzima inahitaji kibali cha jaji, na ongeza sentensi kwenye 6103 inayotaja uhamiaji kwa jina kwamba hauingii bila amri ya mahakama. Kura nyingi za kupitisha hayo zipo, nadhani Democrat wengi wangekubali leo. Kinachokosekana ni Warepublican wachache wa Washington wafanye walichofanya wale 21 wa Indiana, na wafanye sasa wakati rais ni wao, manake wakisubiri mpaka aje wa upande wa pili hakuna atakayewaamini kwamba walikuwa wanatetea kitu zaidi ya chama chao.